Kisima cha Wakfu na Kamba ya Mtekaji

Nyuma ya msikiti wa mtaa wetu katika mji wa Pangani, nilikozaliwa mwaka 1957, kulikuwa na kisima cha wakfu ambacho mchimbaji wake alifariki kabla babu zetu hawajazaliwa, na ambacho maji yake hayakuuzwa hata siku moja, wala hapakuwa na mtu, mwenyeji au mgeni, tajiri au mchukuzi wa forodhani, aliyezuiwa kuteka. Watu walimwombea marhumu yule rehema kwa jina la "mwenye kisima", maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha sahauliwa, na ihsani yake ndiyo iliyobaki. Lakini kisima kile hakikuwa na ndoo wala kamba. Kila mtekaji alikuja na zake, na aliyekuja mikono mitupu alirudi mikono mitupu, hata kama maji yalikuwa yakimetameta mbele ya macho yake.

Siku moja ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka saba hivi, mama alinituma nikateke peke yangu. Nilifunga kamba yetu ya katani kwenye ndoo, nikaishusha mpaka ncha ya kamba ikawa mkononi mwangu, na ndoo ikaning'inia juu ya maji kwa kadiri ya dhiraa mbili, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwenda chini kwa ukame. Nililala kifudifudi juu ya ukingo, nikanyosha mkono mpaka bega likaniuma, na ndoo haikugusa maji. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akingoja zamu yake, hakunicheka wala hakunitekea. Alifungua kamba yake ya usumba, akaiunga na yangu kwa fundo ambalo alinionyesha mara mbili namna ya kulifunga, kisha akasema, "Vuta sasa, mjukuu wangu, na kesho nawe umwungie mwenzio."

Kisima kile nimekikumbuka mara nyingi katika miaka hii ishirini na zaidi ambayo nimekuwa nikiteka katika kisima kingine, kipana kupita kiasi, nacho ni elimu inayotolewa bure kwa njia ya intaneti: mihadhara ya vyuo vikuu, vitabu, kamusi, ramani, mazoezi ya hesabu na mafunzo ya lugha, ambavyo mtu wa Tanga au wa Kigoma aweza kuvifikia kwa simu yake ya mkononi bila ya kuulizwa hati wala karo. Nimefaidi sana kwa maji yale, na nimepoteza muda mwingi kwa kutojua desturi za kisima. Na kwa kuwa vijana wengi huniuliza njia, naona ni wajibu wangu kueleza yaliyonifika, yaliyo mema na yaliyo taksiri, nikitumaini kwamba mwenye kusoma atafupishiwa safari iliyonirefukia mimi.

Elimu ya bure si jambo geni katika pwani yetu. Maalim aliyenifundisha kusoma hakutoza ada. Tulimtekea maji, tulimfagilia ua, na wazazi waliojaliwa walimpelekea kipimo cha mchele wakati wa mavuno. Asiyekuwa na kitu alimleta mtoto wake tu, na mtoto alipokewa kwa uso uleule. Huko Lamu, Habib Saleh, aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha, aliifungua darsa yake kwa watu wa kila daraja, wakiwamo waliotoka katika utumwa, katika zama ambazo wengi waliiona elimu kuwa ni milki ya nasaba chache. Kwa hiyo, niliposikia utu uzimani mwangu kwamba kuna wanazuoni ng'ambo ya bahari wanaotoa darsa zao bila ya malipo, tabia yao haikunistaajabisha. Kilichonistaajabisha ni upana wa kisima chao.

Lakini maalim wetu, ambaye hakudai hata senti, alidai jambo moja na hakulisamehe: hapana mtoto aliyeruhusiwa kuvuka kutoka somo moja kwenda jingine kabla hajalisoma la kwanza mbele yake bila ya kusita. "Usiende ukurasa wa pili ilhali wa kwanza wakudai," ndivyo alivyokuwa akituambia, huku kidole chake, cheusi kwa wino wa masizi, kikiwa juu ya herufi iliyomshinda mtoto. Sikuijua thamani ya maneno yale mpaka nilipopata maalim ambaye hakuwa na kidole cha kuniwekea.

Nilianza kufundisha hesabu katika shule ya sekondari mwaka 1981, wakati ambapo dhiki ya vitu ilikuwa imeingia katika kila duka na kila shule nchini. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa darasa la wanafunzi arobaini, nacho kilikuwa mkononi mwangu; nilinakili mazoezi ubaoni, wao wakayanakili madaftarini, na chaki zilipokwisha niliwasomea kwa sauti. Mwalimu wa kitabu kimoja huwa, bila ya kupenda, ndiye ukuta wa mwisho wa maarifa ya wanafunzi wake: alichokielewa vibaya hueleweka vibaya na vizazi, na swali asilowahi kujiuliza halina pa kuzaliwa. Nililihisi jambo hili kama mtu ahisivyo joto ndani ya chumba kisicho na dirisha, nisijue ukutani mwa upande gani litobolewe.

Habari ya kisima kipya niliipata mwaka 2003, kwa kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu, naye wakati huo akiendesha intaneti kafe mjini Tanga. Alinieleza kwamba chuo kikuu cha MIT huko Marekani, ambacho ada yake ya mwaka mmoja ilizidi mshahara wangu wa miaka mingi, kilitangaza mwezi wa Aprili mwaka 2001 kwamba kitayaweka mafunzo yake hadharani kwa kila mwenye kuyataka; kwamba mwaka 2002 kilianza na masomo 50 ya majaribio; na kwamba mwaka ule masomo yalikuwa yamefika 500. Sikumsadiki mpaka alipogeuza kioo cha kompyuta kunielekea, nikayaona kwa macho yangu maswali ya mtihani na majibu yake, yamewekwa wazi kama samaki juu ya meza ya mnadani. Miaka minne baadaye masomo hayo yalikuwa kiasi cha 1,800.

Nilikuja kujua kwamba MIT haikuwa ya kwanza kuchimba. Mwaka 1971 Michael Hart, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyeruhusiwa kutumia kompyuta kubwa ya chuo, aliandika kwa mkono wake ndani ya mashine ile Azimio la Uhuru wa Marekani ili watu wengine walisome bila ya malipo, na kwa tendo hilo dogo akaanzisha Project Gutenberg, maktaba ambayo leo ina makumi ya maelfu ya vitabu. Nao wajumbe waliokutana Paris kwa wito wa UNESCO mwaka 2002 waliipa ihsani ya namna hii jina lake rasmi, ambalo kwa lugha yetu laweza kuitwa nyenzo huria za elimu.

Kwa miaka kadhaa, hata hivyo, maji hayo kwangu yalikuwa ya kutazama. Intaneti yetu ilipitia satelaiti, ghali na nzito. Kwa fedha niliyolipa kwa saa moja niliweza kufungua kurasa chache za maandishi, na video haikuthubutu hata kuanza. Mwezi wa Julai mwaka 2009 ulifunguliwa mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari na kutia nanga Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Bei haikuanguka kwa siku moja. Ilishuka pole pole kama maji ya bamvua, mpaka mwalimu wa sekondari akaweza kuikanyaga ardhi ambayo zamani ilikuwa kilindi.

Mwaka 2011 mpwa wangu aliniletea modemu, na usiku wa siku hiyo nikautazama muhadhara wa kwanza wa aljebra ya mstari wa Gilbert Strang, mwalimu aliyeanza kufundisha MIT mwaka 1962, mwaka uleule aliofariki Shaaban Robert, na aliyestaafu mwaka 2023. Mihadhara yake ilirekodiwa mwaka 1999, mbele ya ubao wa chaki kama wangu. Aliandika milinganyo miwili ambayo mimi nimeandika ya namna yake mara maelfu: 2x − y = 0, na chini yake −x + 2y = 3. Nilitabasamu, nikiwa na hakika kwamba hapana alilobakisha la kunifundisha hapo. Alichora mistari miwili, ikakatana mahali ambapo x ni 1 na y ni 2, na hilo nalilijua. Kisha akaacha kuisoma milinganyo kwa mlalo, akaisoma kwa wima. Alizichukua namba za x peke yake, 2 na −1, akazichora kama mshale mmoja. Akazichukua namba za y, −1 na 2, akazichora kama mshale wa pili. Akauliza ni kiasi gani cha mshale huu, na kiasi gani cha ule, kitakachomfikisha mtu mahali penye 0 na 3. Mshale wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, na safari ikaishia palepale ilipotakiwa.

Jibu lilikuwa lilelile, lakini swali lilikuwa limegeuka, na kwa kugeuka kwake milango mingi ilifunguka ambayo kwa miaka 30 nilipita mbele yake nikiidhani kuwa ni ukuta. Nilisimamisha video, nikatoka uani, nikasimama gizani kwa muda. Niliwafikiria wanafunzi wale wote walionikalia mbele, wenye akili kuliko mimi baadhi yao, ambao sikuwageuzia swali hata mara moja kwa kuwa mimi mwenyewe sikugeuziwa. Na huzuni kwa ajili yao na furaha yangu vilikuwa ndani ya kifua kimoja.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Katika miezi iliyofuata nilianza elimu ya nyota, nikaanza historia ya Rumi, nikaanza Kifaransa, uchumi, takwimu na upangaji wa programu za kompyuta. Na ulipoingia mwaka 2012, vyuo vikubwa vikajiunga kufundisha umati wa dunia kwa njia ya Coursera na edX, nilijiandikisha kama mtu aogopaye kwamba kesho kisima kitafukiwa. Mwisho wa mwaka ule nilikuwa na madaftari 11 juu ya meza yangu, kila moja lina kurasa tano au sita zilizojaa kwa hati nzuri, na zote zilizobaki nyeupe. Hata aljebra ya Strang, iliyonitoa machozi, ilikuwa imekoma katika muhadhara wa nne. Niliyatazama madaftari yale, nikaiona ndoo ya utotoni ikining'inia juu ya maji.

Nilitafakari sana sababu ya jambo hili, maana sikuwa mvivu, na sikukosa akili wala ghera. Katika shule ya kulipia, ada inauma, kengele inalia, mwalimu anauliza, mtihani unakuja na wenzako wanakuona. Mambo haya tunayalalamikia yote, kumbe ndiyo yanayomshika mtu siku ambayo hamu yake imelala. Kitu kitolewacho bure kwa wote huondolewa vizuizi, lakini pamoja na vizuizi huondolewa na nguzo, na mwenye kukipokea hana budi kuzisimamisha nguzo hizo kwa mikono yake mwenyewe, ama sivyo paa litamwangukia.

Basi nikajiwekea sheria ya maalim. Niliyafunga madaftari kumi kwa kamba, nikayaweka juu ya kabati, nikabaki na moja. Wakati ule makampuni ya simu yaliuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu, vya kutumika baada ya saa sita mpaka alfajiri. Nilitegesha saa, nikaamka usiku wa manane mara mbili kwa juma kupakua mihadhara miwili, nikarudi kulala, na kila siku baada ya sala ya alfajiri nilisoma kwa saa moja kabla ya kwenda shuleni. Nilisimamisha video kila mwalimu alipouliza swali, nikalijibu kwa kalamu kabla hajalijibu yeye, na muhadhara ambao mazoezi yake yalinishinda niliutazama tena kesho yake, hata kama ni mara ya tatu. Mihadhara ile, ambayo ni zaidi ya 30, ilinichukua miezi 14. Siku nilipoimaliza hapakuwa na aliyenipigia makofi, bali nilijua, kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo cha ualimu, kwamba kuna kitabu nimekihitimu.

Nguzo nyingine sikuisimamisha mwenyewe. Ililetwa na majirani. Mbele ya nyumba yangu pana baraza ya saruji, na baada ya alasiri walizoea kukaa hapo fundi wa redio wa mtaa wetu, muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, na binti wa fundi huyo, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukosa alama za kuendelea. Walipoona nimetoka na kompyuta na daftari waliuliza, na nilipowaeleza walitaka kuona. Jioni ya pili binti alikuja peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Mwalimu, yule mzee namwona, na Kiingereza chake nakisikia neno moja moja. Lakini nikiyaweka pamoja, maana yanatawanyika."

Nilifikiri kidogo, nikamwambia asahau mishale. Nikamwambia yuko sokoni, na mbele yake mwuzaji amepanga mafungu ya aina mbili: fungu moja lina maembe 2 na chungwa 1, na fungu jingine lina embe 1 na machungwa 2. Anataka kurudi nyumbani na maembe 4 na machungwa 5 kamili, na mwuzaji hakubali kulivunja fungu. Achukue mafungu mangapi ya kila aina? Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akasema, "Moja la kwanza, mawili ya pili." Nikamwandikia milinganyo miwili, nikamwonyesha kwamba kila fungu ni safu moja ya wima. Muuguzi, aliyekuwa akisikiliza huku amelipa kisogo jua, alisema, "Kumbe ni mafungu tu! Mbona sisi hatukuambiwa hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba nami sikuambiwa.

Siku ile nilielewa alichokifanya bibi yule pale kisimani. Elimu inayotolewa bure kwa lugha ya kigeni ni bure nusu tu: mwenye Kiingereza ana kamba ndefu, na asiyekuwa nacho anayaona maji. Lakini kamba huungwa, na muungaji halazimiki kuwa mwanachuoni. Inamtosha kuwa ametangulia hatua moja, na kuwa radhi kuketi. Na nilipata faida nisiyoitarajia, kwamba kila nililolieleza kwa Kiswahili kwa watu wale watatu lilitulia ndani yangu zaidi ya nililolisoma mara tatu kwa upweke. Maana neno la kigeni aghalabu humficha msomaji ujinga wake, lakini ukilisema jambo kwa lugha uliyonyonya, mbele ya mtu atakayekuuliza "kwa nini", huna mahali pa kujificha.

Nitaje na kosa moja, kwa hadhari ya wengine. Tovuti moja nisiyoitaja ilimwahidi mpwa wangu mafunzo ya bure ya uhasibu; mimi nilimhimiza, naye akasoma kwa bidii, na mwisho wake akaambiwa kwamba cheti kina bei. Tulikusanya fedha, tukalipa, na ofisi aliyoiombea kazi ilikiweka cheti kile kando bila ya kukitazama mara mbili. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumfundisha kutofautisha maarifa na hati. Mwenye kutaka maarifa asilipe kwa haraka, maana kisima cha wakfu kipo. Na mwenye kutaka hati aende kwa wenye mamlaka ya kutoa hati inayotambuliwa, na kwa mtu mwenye kazi na watoto tunacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu wasome walipo. Vitu hivi viwili hukutana kwa wakati wake: mpwa wangu, ambaye uhasibu aliujua kwa hakika, alikwenda baadaye kutafuta hati ya halali, na elimu aliyoiteka bure ilimpunguzia nusu ya taabu.

Tarehe 17 Machi mwaka 2020 shule zilifungwa nchini kwa ajili ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 29 Juni. Nilikuwa nimekwisha staafu. Katika majuma yale baraza yetu ilijaa watoto, wakikaa kwa kuachiana nafasi, na binti wa fundi, ambaye sasa alikuwa na kidato cha sita chake, ndiye aliyewafundisha, akitumia madokezo ya Shule Direct, ambayo yaliandikwa na Watanzania kwa mitaala yetu, na video za Khan Academy. Nilipenda kuwasimulia watoto asili ya hizo video: kwamba mwaka 2004 Salman Khan hakukusudia kufundisha dunia, bali kumsaidia hesabu binamu yake mmoja aliyekaa mji mwingine, kwamba ndugu wengine walipotaka msaada uleule alianza mwaka 2006 kuweka masomo yake YouTube, na mwaka 2008 akaifanya kazi hiyo kuwa taasisi isiyotafuta faida. Kamba iliyoungwa kwa ajili ya mtoto mmoja, watu wa mataifa wameteka nayo.

Lakini katika miezi ileile niliona pia mpaka wa kisima. Alikuwapo mtoto wa darasa la sita, ambaye mama yake alikuwa na simu ya kitochi tu, isiyofungua chochote ila sauti na ujumbe. Naye kila alasiri alitembea kutoka kitongoji cha mbali na daftari moja, akanakili somo lake, kisha akageuza daftari na kunakili upande wa nyuma somo la dada yake, ambaye hakuruhusiwa kuacha kazi za nyumbani. Tusijidanganye kwa neno "bure". Simu ina bei, kifurushi kina bei, umeme una bei, na saa moja ya binti asiyetumwa popote ina bei kubwa kupita zote. Zipo programu, kama Kiwix na Kolibri, zinazowezesha kuhifadhi maelfu ya makala na masomo ndani ya memori kadi au kompyuta moja na kuyasoma pasipo intaneti kabisa, na kila shule na kila msikiti na kila kanisa lenye kompyuta moja nzima ingelifaa vijue habari hizi. Lakini hapana programu iwezayo kumpa mtoto wa kike saa yake. Hiyo ni zawadi ya wazazi.

Katika kutangatanga kwangu nilikutana na jambo lililonigusa kuliko hesabu. SOAS, chuo kilichoko London, kimeweka katika intaneti sehemu ya hati zake za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na chuo hichohicho ndicho kilichohifadhi karatasi za W. E. Taylor, mmisionari aliyezikusanya tungo za Muyaka wa Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa mji ule. Nilifungua ukurasa mmoja, nikaukuza juu ya kioo mpaka nikaona mahali kalamu ilipochovywa upya, wino mzito mwanzoni mwa neno na mwepesi mwishoni, kwa mwandiko wa namna ileile aliyoitumia maalim wangu. Na mimi, mzee wa miaka sitini na kitu, nikaanza kusoma kwa kufuata kwa kidole. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kisima hiki kimejaa maji ya watu wengine, nasi tu wageni ukingoni. Kumbe chemchemi zake nyingine zinatoka kwetu.

Ndipo nilipouelewa wakfu kwa ukamilifu wake. Mwenye kuweka wakfu hupoteza haki ya kuuza, lakini hapotezi haki ya kuweka sharti, na kwetu sharti la mwenye wakfu lina uzito wa sheria. Ndivyo zilivyo na leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba mwaka 2002: mtunzi hubaki na jina lake, huruhusu kazi yake inakiliwe, na aghalabu huruhusu itafsiriwe na kubadilishwa, kwa masharti anayoyataja. MIT yataka mambo matatu: itajwe, isifanyiwe biashara, na kitakachotokana na kazi yake kigawiwe kwa masharti yaleyale. Maana yake ni kwamba Mswahili aliyeuelewa muhadhara ana idhini ya kuugeuza kuwa Kiswahili na kuwapa wenziwe bure. Hapana anayetuzuia isipokuwa ajizi yetu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na imejengwa na watu wachache wa kujitolea. African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, inapokea hadithi za watoto kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Mimi nimeandika makala chache za hesabu, fupi na za kawaida, na kila ninapoona zimesahihishwa na mtu nisiyemjua huona kwamba kuna mtu ameshika ncha ya pili ya kamba.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja, mdogo wake yule binti wa fundi, akaniomba nimnakilie masomo yangu yote. Alikuwa amekuja na memori kadi mpya ndani ya karatasi yake. Nilimwonyesha orodha, naye macho yakamng'aa kama yangu ya mwaka 2012: nyota, Rumi, uchumi, lugha, vyote kwa pamoja. Nilimnakilia somo moja tu, aljebra, muhadhara wa kwanza hadi wa tatu, pamoja na kurasa za daftari langu zenye mafungu ya maembe na machungwa.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "kadi ina nafasi kubwa bado."

"Najua, mwanangu," nikamjibu. "Soma haya, kisha uje unieleze hapa barazani, tukuongezee. Usiende ukurasa wa pili ilhali wa kwanza wakudai."

Alirudi baada ya siku tisa, na hakuja peke yake. Alikuwa na mwenzake, na daftari lilikuwa mkononi mwa mwenzake.